Namna ya Kuwaita Chozi Bustanini: Maua Kwanza, Chupa Baadaye

Ndege mvumaji, yule mdogo wa Amerika anayesimama hewani mbele ya ua huku mabawa yake yakienda kasi hata yasionekane, haishi porini mahali popote barani Afrika. Kazi yake ya kunywa mbochi, yaani maji matamu ya maua, na kubeba chavua kutoka ua hadi ua hufanywa huku kwetu na chozi, ndege mwenye mdomo mrefu uliopinda, ambaye dume lake hung'aa juani kama chuma kilichopigwa msasa. Miongozo mingi ya kuwalisha ndege wa mbochi imeandikwa kwa ajili ya mvumaji, na mtu anayeifuata neno kwa neno akiwa Nairobi au Arusha hununua chupa ya plastiki nyekundu, akaitundika barazani, akangoja miezi mitatu pasipo kuona unyoya. Chozi hakumsikiliza kwa sababu mbili: chupa ile haikuwa na mahali pa kutua, na bustani haikuwa na maua ya kumfanya apite karibu. Hatua zifuatazo zinaanza na maua, na chupa inakuja mwishoni, kwa mwenye nia ya kuiosha tu.

Hatua ya kwanza: mjue unayemwita

Ziko spishi zaidi ya 140 za chozi, kuanzia Afrika hadi Asia na kaskazini ya Australia, lakini wanaozoea bustani za watu ni wachache. Katika miji ya nyanda za juu za Kenya na Tanzania anayeonekana zaidi ni chozi mdogo mwenye mgongo wa kijani-buluu na tumbo la njano, ambaye wataalamu humwita Cinnyris venustus. Mkubwa wake ni chozi kifua-chekundu, Chalcomitra senegalensis, dume lenye mwili mweusi wa kahawia, kifua chekundu kama makaa na kijani kinachomeremeta utosini. Mahali penye baridi zaidi huja chozi wa rangi ya shaba mwenye mkia mrefu, na pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, yuko Cinnyris bifasciatus, dume lenye utepe wa zambarau kifuani.

Majike ya karibu wote ni ya rangi ya kijivu au ya majani makavu, na watu wengi hudhani ni ndege wa jamii nyingine. Uangalie mdomo, usiangalie rangi: ukiona ndege mdogo asiye na mapambo yoyote, mwenye mdomo mwembamba uliopinda kuelekea chini, akitumbukiza kichwa katika ua, huyo ni chozi jike, na ndiye atakayekuja kujenga.

Si kila chozi ataitika mwito. Chozi wa Amani anaishi katika misitu michache tu kama Arabuko-Sokoke na Usambara Mashariki, na yule wa Loveridge hatoki katika milima ya Uluguru. Hao hufuatwa kwao, hawaji kwa mtu. Kwa upande mwingine, ndugu zetu walio Maskati huko Oman wanaye chozi wao wa zambarau katika bustani za mji, na wale wa Salala wanaye chozi wa Palestina, kwa hiyo karibu yote yaliyoandikwa hapa yatawafaa, isipokuwa majira ya mvua na baadhi ya mimea.

Hatua ya pili: keti uangalie kabla ya kupanda

Kabla ya kutoa fedha kwa mwenye kitalu, tenga asubuhi tano au sita, kuanzia jua linapochomoza hadi saa tatu hivi, uketi na kikombe chako cha chai mahali unapoona bustani yote. Andika ni maua gani yanayotembelewa, na nani anayeyatembelea. Ukisikia mlio mkali, mfupi na wa kurudiarudia kutoka kwenye waya au ncha ya tawi, inua macho. Mara nyingi ni dume linalotangaza kwamba maua ya hapo yana mwenyewe. Tazama pia ua wa jirani, kwa sababu chozi hajui mipaka ya viwanja, na huenda unachohitaji ni kumwongezea kituo kimoja katika njia ambayo tayari anaipita kila siku.

Hatua ya tatu: chagua maua yenye mbochi na mahali pa kutua

Chozi anaweza kuelea hewani kwa nukta chache, lakini hapendi. Akipata nafasi hutua, akashika shina kwa kucha na kunywa akiwa ametulia. Kwa hiyo ua linalomfaa lina mambo mawili: umbo la mrija linaloweka mbochi kwa ndani, na shina au kikonyo kigumu cha kusimamia. Rangi nyekundu na ya chungwa humvutia kutoka mbali, ingawa rangi tupu haimshibishi. Bogenvilia ndiyo mfano mzuri wa pambo linalodanganya: sehemu zake zenye rangi si petali bali ni majani, ua lenyewe ni kijirija cheupe kilicho katikati, na chozi akilijaribu mara moja mbili huenda zake. Mawaridi makubwa ya bustani yaliyojaa petali hayana faida kwake pia.

Mmea ninaouweka mbele ya yote ni mshubiri. Shina lake la maua husimama imara, maua yake hufunguka kuanzia chini kwenda juu kwa siku nyingi mfululizo, na aina nyingi huchanua wakati wa ukame, pale bustani nyingine zinapokuwa kavu. Aloe secundiflora, ambao ni wa huku kwetu Kenya na Tanzania, hustahimili udongo mbaya na mwenye nyumba msahaulifu. Kinachouua ni maji mengi. Panda miche kwa nafasi ya nusu mita, kwenye udongo usiotuamisha maji, na ikiwezekana kwenye tuta lililoinuliwa kidogo. Nunua kitaluni au omba machipukizi kwa jirani. Usichimbe ya porini, kwani mishubiri ya mwituni imepungua mahali pengi, na biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES.

Wa pili ni Leonotis nepetifolia, mmea mrefu wa kando ya mashamba wenye maua ya rangi ya chungwa yaliyokusanyika katika mipira yenye miiba, mpira juu ya mpira katika shina moja. Wakulima huuhesabu kuwa gugu, na watoto wa shule huunyonya wakirudi nyumbani. Mbegu zake hupatikana bure: subiri mipira ikauke, ikung'ute ndani ya mfuko wa karatasi, kisha uzimwage kwenye udongo uliolegezwa mvua za kwanza za masika au za vuli zinapoanza. Ukiuacha utajipanda wenyewe mwaka unaofuata, kwa hiyo upe kona yake, mbali na njia wanayopita watoto pekupeku, maana mipira iliyokauka huchoma.

Kwa ua wa mzunguko, tekoma ya maua ya chungwa inafaa kuliko mimea mingi inayokatwa ikawa ukuta wa majani matupu. Chukua vipandikizi vya urefu wa sentimita 20, uvichomeke katika udongo wenye unyevu kivulini, na baada ya wiki kadhaa vitakuwa vimetoa mizizi. Tatizo moja ni mkasi: maua ya tekoma hutokea kwenye ncha za matawi, na mtunza bustani anayeunyoa ua kila wiki mbili anayakata yakiwa bado vichomozi. Kata mara chache, tena upande mmoja kwa wakati mmoja.

Mwenye eneo kubwa apande mwamba-ngoma, Erythrina abyssinica, ambao hupukutisha majani wakati wa kiangazi na kubaki na maua mekundu matupu, ukawa kama hoteli ya chozi wa mtaa mzima. Gogo lake bichi likichomekwa ardhini huchipua, lakini uweke mbali na nyumba, kwa kuwa huwa mti mpana wenye miiba. Mgrivea nao hutembelewa sana unapochanua. Mwenye haibiskasi asiing'oe: chozi akishindwa kufika chini ya ua kwa mlango wa mbele hutoboa tundu kwenye kitako chake na kuiba mbochi bila kugusa chavua. Ua halifaidiki, lakini ndege ameshiba.

Lantana huvutia ndege na vipepeo, na kwa sababu hiyo husifiwa sana. Mimi simshauri mtu aipande. Mbegu zake huenezwa na ndege walao matunda, na mahali ilipokwisha kushika malisho na kingo za misitu, kuing'oa ni kazi ya miaka.

Pwani na katika mashamba ya Kagera au Uganda, chozi wengi hula kwenye maua ya mgomba, wakinywa chini ya yale majani ya zambarau yanayofunuka kutoka kwenye tumba la ua dume. Hapa ni lazima tahadhari itolewe. Palipo na ugonjwa wa mnyauko bakteria wa migomba, wataalamu wa kilimo hushauri sehemu hiyo ya dume ivunjwe kwa kijiti chenye panda mara tu chane ya mwisho inapotokea, kwa kuwa wadudu wanaoitembelea hueneza vijidudu. Fuata ushauri huo. Chozi atapata maua mengine, ila mgomba ulionyauka haurudi.

Hatua ya nne: panda kwa mafungu, uhesabu maua badala ya mita

Kosa la bustani nyingi ni kuwa na mmea mmoja wa kila aina. Kwa macho ya mwenye nyumba ni mkusanyiko mzuri. Kwa chozi ni duka lenye kitumbua kimoja, andazi moja na sambusa moja. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1975, Frank Gill na Larry Wolf waliwachunguza chozi wenye mabawa ya dhahabu wakilinda vichaka vya Leonotis huko Kenya, wakakuta kwamba maeneo yaliyolindwa yalitofautiana sana kwa ukubwa, mengine yakiwa ya mita chache za mraba na mengine zaidi ya elfu mbili, lakini idadi ya maua ndani yake ilikuwa karibu ileile, yapata 1,600, yaani kiasi cha kumtosha ndege mmoja kwa siku. Mwenye kiwanja kidogo apate moyo hapo, kwani chozi anapima wingi wa maua, wala hapimi ukubwa wa ardhi. Bustani yako si lazima imtosheleze mmoja peke yake, maana hula pia kwa majirani, ila fungu la mishubiri kumi litamfanya asimame pale ambapo mshubiri mmoja angeupita.

Utafiti huo unaeleza pia ugomvi utakaouona. Dume linapowafukuza wengine, maua yanayolindwa hupata muda wa kujaza mbochi tena, na kila ziara yake huwa na faida zaidi. Likiwa na maua machache mno halina cha kulinda, na yakiwa mengi kupita kiasi haliwezi kuyalinda yote. Basi, ukitaka zaidi ya dume moja, gawa mimea katika mafungu mawili yasiyoonana, moja mbele ya nyumba na jingine uani. Mwenye kuishi ghorofani anaweza kupanga vyungu sita vya mshubiri mdogo na Russelia, ule mmea wa matawi kama nyuzi na virija vyekundu, kwenye upande mmoja wa roshani unaopata jua la asubuhi.

Jitahidi kila mwezi uwe na kitu kinachochanua. Mahali pengi mpango huu unatosha: Leonotis baada ya mvua, tekoma kwa vipindi karibu mwaka mzima ikimwagiliwa, mshubiri na mwamba-ngoma katika kiangazi.

Hatua ya tano: waache wadudu na buibui

Mbochi ni sukari na maji, na kinda hakui kwa sukari. Chozi mzazi huwalisha watoto wake wadudu wadogo na buibui kwa wingi, na yeye mwenyewe huwala kila siku. Bustani inayopuliziwa dawa kila wiki inaweza kuwa na maua mazuri na bado isiwe na chozi anayezaa. Kuna hatari kubwa zaidi katika dawa zinazonyonywa na mmea mzima, kama zile zenye imidakloprid, kwa sababu sumu hufika hadi kwenye mbochi na chavua. Mishubiri ikipata vidukari, ioshe kwa maji yenye sabuni kidogo, au tumia maji ya majani ya mwarobaini wakati wa jioni, sehemu iliyoathirika pekee.

Buibui wana kazi ya pili. Kiota cha chozi ni kifuko kinachoning'inia, chenye mlango ubavuni na mara nyingi kijibaraza juu ya mlango, nacho hufumwa kwa nyasi, nyuzinyuzi na majani makavu yanayoshikizwa kwa utando wa buibui. Anayefagia utando wote wa nje ya nyumba kila Jumamosi amemnyima fundi saruji. Fagia sebuleni upendavyo, lakini uache ule ulio chini ya paa la stoo na kwenye uzio.

Hatua ya sita: maji

Beseni la kina kirefu halimfai. Chozi hupenda kuoga kwenye majani yaliyolowa, akijisugua huku na huku mpaka manyoya yote yaloane. Ukimwagilia asubuhi, nyunyizia juu ya majani mapana kama ya mgomba au ya maua ya kana, ukiutumia mpira wenye kinyunyizio chembamba, kisha urudi nyuma hatua kadhaa. Wengine huja kabla hujafunga bomba.

Hatua ya saba: chupa, kwa anayeweza kuiosha

Chupa ya maji ya sukari ni nyongeza ya kiangazi, wakati maua yamepungua. Pima sehemu moja ya sukari kwa sehemu nne za maji, kwa mfano robo kikombe cha sukari na kikombe kimoja cha maji. Chemsha maji, koroga sukari iyeyuke, na uache ipoe kabisa. Tumia sukari nyeupe iliyosafishwa. Sukari ya rangi ya kahawia, ambayo ndiyo imejaa katika maduka yetu mengi, na sukari guru zina madini yanayoweza kuwadhuru ndege wanywao mbochi wakizinywa kila siku. Asali huchacha upesi na kuotesha kuvu, na vitamu visivyo na sukari havimpi ndege nguvu yoyote. Rangi ya chakula haihitajiki. Funga utepe mwekundu shingoni mwa chupa.

Chupa ndogo ya kioo yenye kifuniko chenye tundu la milimita tatu au nne inatosha, mradi ufunge kijiti cha unene wa penseli chini ya tundu, apate kutua. Itundike kivulini, karibu na maua ambayo tayari anayatembelea, kwa urefu ambao paka hawezi kuufikia kwa kuruka. Anza na kiasi kidogo, vijiko vinne au vitano, kwa kuwa utamwaga kingi kuliko kitakachonywewa. Katika joto la Mombasa au Dar es Salaam badilisha maji hayo kila siku. Penye baridi, kila baada ya siku mbili. Yakionekana na ukungu au uzi mweusi, yalikwisha kuharibika jana. Sugua chupa kwa maji ya moto na burashi, na mara moja kwa wiki iloweke katika siki iliyochanganywa na maji. Ukijua utasafiri au utachoka, usiianzishe, maana chupa chafu hueneza magonjwa kwa ndege wote wanaoichangia.

Siafu na sisimizi huzuiwa kwa kikombe kidogo cha maji kilichowekwa kwenye kamba juu ya chupa, wasipate pa kuvuka. Usipake grisi wala mafuta, kwani yakigusa manyoya ya ndege hayatoki. Nyuki wakizidi, ondoa chupa kwa siku tatu, kisha uirudishe mahali pengine. Shore na kinengenenge watakuja pia, na hakuna sababu ya kuwafukuza.

Kwa msomaji aliye Marekani, mambo yanageuka kidogo: chupa za dukani zisizo na kijiti zinawafaa ndege wavumaji, kipimo cha sukari ni kilekile cha moja kwa nne, na mashariki ya mto Mississippi atakayemwona akizaa ni wa spishi moja tu, yule ambaye dume lake lina koo jekundu, anayefika majira ya kuchipua na kuondoka kabla ya baridi.

Wakianza kujenga

Jike hujenga popote penye kitu cha kuning'inizia: ncha ya tawi, waya wa taa ya barazani, hata kamba ya nguo iliyosahauliwa. Kwa kawaida hutaga yai moja hadi matatu, hulalia mwenyewe kwa muda wa wiki mbili hivi, na makinda hukaa kiotani karibu muda kama huo. Katika kipindi hicho hamisha kiti chako, usihamishe kiota. Kama ni taa ya barazani, izime na kuifunika swichi kwa karatasi ya gundi, ili mgeni asiiwashe usiku. Usikate tawi ili kupata picha nzuri. Kivuli ulichokiondoa ndicho kilichokuwa kikiwakinga makinda na jua la saa saba na macho ya kunguru. Ukiona kinda mmoja mkubwa kuliko mlezi wake akidai chakula, huenda ni kekeo, ambaye mama yake alitaga humo na kwenda zake. Mwache.

Dume nalo litakuletea kisa kingine msimu huo. Likijiona katika kioo cha gari au dirisha hudhani ni mpinzani, na linaweza kukipigapiga kioo saa nzima, siku baada ya siku, likichafua mlango wote. Vika vioo vya pembeni vya gari soksi kuukuu kila unapoegesha, na upake dirisha sabuni kwa nje mpaka makinda yatoke.